Aliyepimwa Ndiye Aliyesogea

Tarehe 3 Machi

Mume wangu mpenzi,

Kwa hiyo narudia, na nitarudia hata ukinuna: kosa si la futi. Kama mkono wa kushoto wa shati umekufunika vidole na wa kulia umeishia juu ya saa, ni kwa sababu siku ile nakupima ulikuwa unacheka na kunitekenya. Futi haidanganyi. Aliyepimwa ndiye aliyesogea. Mama Pindo alinifundisha hivyo siku ya kwanza nilipoingia kwenye chumba chake cha kushonea, na tangu hapo sijamwona akikosea pindo hata moja.

Haya, nimegomba kabla ya kusalimia, mapenzi yamenitoa adabu. Hujambo, mume wangu? (Nitaliandika neno hili mara nyingi nipendavyo, hakuna wa kunizuia.) Kifua cha vumbi kimepoa? Unakula ukashiba? Mimi mzima, mama hajambo, anakusalimu na kuuliza kama ile kofia ngumu ya kazini haikupi joto kichwani.

Leo ni siku ya ishirini na mbili tangu uondoke na ya thelathini na nane tangu tuoane. Ahadi yetu naitunza kama yai. Saa nne kamili asubuhi naweka mkasi chini, nakufikiria dakika tatu, kama tulivyoapizana pale mlangoni. Mashine za wenzangu zinalia, yangu imenyamaza. Jana wakaanza: "Bibi harusi kashapaa!" Mama Pindo akawaambia, "Mwacheni. Mapenzi mapya ni kama kitambaa kipya, bado hakijafuliwa." Nikamjibu, "Hiki hakichuji, mama." Wakacheka mpaka mmoja akajichoma sindano.

Na wewe, unasimama kweli? Niambie unasimama wapi na unaona nini. Nataka nikufikirie mahali penyewe, si hewani tu. Mtandao haufiki kambini kwenu, basi jaza karatasi. Hii nampa Baba Dizeli, anayewapelekea mafuta. Ameapa hataisoma, lakini macho yake yanacheka.

Mkeo wa ndoa,
Sindano


Tarehe 9 Machi

Mke wangu Sindano,

Salamu zako zimefika zikinuka dizeli, lakini zimefika. Sijambo, kifua kimetulia, nashiba. Mama mwambie kofia inanipa joto ila inazuia mawe. Tani anakusalimu. Anasema yeye kama msimamizi wetu wa harusi ana haki ya kusoma barua zako. Nimemwambia akasome kibao cha usalama getini.

Shati nalivaa. Mkono mmoja naukunja. Sitaki ugomvi.

Sasa fumba macho. Shimo letu limechimbwa kama ngazi za jitu. Kila ngazi ina barabara pana, na malori makubwa kama nyumba yanapanda na mawe mgongoni. Mimi na greda langu tunasawazisha barabara hizo ili malori yasiruke na matairi yasichanike. Zamani wapima ardhi walitupigia vigingi na kamba, nasi tukakwangua kwa kukisia. Sasa wamenifungia antena mbili zinazofanana na uyoga. Zinasikiliza setilaiti, na skrini mbele yangu inaniambia kisu cha greda kiko wapi, bila kukosea zaidi ya upana wa kidole. Palipozama panatokea buluu, palipovimba pekundu. Malori nayo yana vifaa vyake. Zamani yalipanga foleni kwenye eskaveta ya Tani ya kuchimbia mawe, kama watu kwenye mashine ya kusaga, huku eskaveta ya pili ikipiga miayo. Sasa kuna chumba cha vioo kule juu kinachomwambia kila dereva aende wapi. Mawe yameongezeka, mafuta yamepungua. Nisikufiche, nakipenda kifaa hiki.

Ila kina macho. Saa nne kamili nasimama kwenye kona ya ngazi ya tatu, mahali pa kupishania, gurudumu la mbele la kulia likigusa jiwe jeupe lililozama ardhini. Kutoka hapo naiona barabara inayokuja kwenu. Siku ya kwanza, tarehe kumi na mbili Februari, niliweka alama kwenye skrini, nikaiita SINDANO. Sijakosa hata zamu moja. Lakini chumba cha vioo kinaiona nukta yangu imesimama. Msimamizi wa zamu, tunamwita Bwana Dakika, ameniita: "Taratibu, kila saa nne greda lako linalala. Linaumwa?" Nikasema nakagua tairi. Akaniandikia onyo la kwanza. Yakifika matatu, ni kufukuzwa.

Halafu kuna kichekesho. Jiwe lako linatembea! Nikiligusa kwa gurudumu, skrini inasema SINDANO iko sentimita tatu nyuma yangu. Siku ya kwanza ilikuwa sifuri. Labda linakutafuta.

Mumeo,
Taratibu


Tarehe 15 Machi

Mume wangu, Taratibu wa moyo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelainika kama kitambaa. Unasimama! Na umeniandika kwenye skrini! Nimewatangazia wote chumbani kwamba jina langu linasomwa na setilaiti. Mama Pindo akasema, "Haya, sasa na mbinguni wanajua hujui kushona mikono ya shati."

Lakini lile onyo limeniweka roho juu. Usisimame tena. Hapana, simama. Hapana, mume wangu, usisimame. Miaka sita umepanda kutoka kufagia karakana hadi kukaa kwenye kiti cha greda. Na vile vyumba viwili tulivyopaka rangi ya maji ya bahari, bila kazi hiyo tutarudi kulala sebuleni kwa mama, tukinong'ona kama wezi. Tafadhali, nifikirie ukiwa unatembea. Nami nitajua.

Jambo moja tu, na usinicheke. Hizo sentimita tatu zinanikera. Mimi ni fundi, kipimo kikibadilika natafuta sababu. Ukiwa bado unasimama (najua bado unasimama, mkaidi wewe), niandikie tarehe na sentimita, kama ninavyoandika vipimo vya wateja. Na uniambie linakwenda upande gani.

Mkeo,
Sindano


Tarehe 22 Machi

Mke wangu,

U hali gani? Mimi mwili mzima, moyo umechafuka kidogo. Bado nasimama, ndiyo. Umenijua. Na juzi Bwana Dakika ameniandikia onyo la pili. Nikasema tena ni tairi. "Tairi lako," akasema, "linaumwa saa nne kamili kama mtu mwenye dawa ya kunywa." Nimebakiwa na uzi mmoja.

Vipimo vyako hivi, fundi. Februari kumi na mbili, sifuri. Februari ishirini na nane, moja. Machi saba, tatu. Machi kumi na nne, saba. Jana, kumi na sita. Upande ni mmoja siku zote: kuelekea ukingoni, kwenye shimo.

Kifaa kimelewa tu. Nililalamika karakana bila kutaja jiwe, maana nikitaja jiwe nimetaja kusimama. Fundi wa antena akabadilisha uyoga mmoja, akalipeleka greda kwenye nguzo ya vipimo pale uani, skrini ikasoma sifuri safi. Akaniambia, "Bwana, kifaa ni kizima, labda mbovu ni dereva." Nikirudi kwenye jiwe kinakosea tena. Ni kama mtoto anayelia nyumbani, akifika kwa daktari ananyamaza.

Na kila asubuhi nakuta mstari wa buluu nyuma ya jiwe, mrefu na mwembamba. Nadhani malori ndiyo yanapachimba. Naujaza udongo na kuukandamiza, na kabla ya saa nne barabara inakuwa laini kama shuka iliyopigwa pasi. Hata Bwana Dakika ameisifu kona hiyo mbele ya watu.

Tani yuko chini kabisa ya kona hiyo na eskaveta yake, ngazi ya tano. Anachimba kama mtu aliyefukia dhahabu ya babu yake hapo. Anauliza lini utamshonea shati, na kama lake nalo litakuwa na mikono ya ndugu wasioelewana.

Mumeo,
Taratibu


Tarehe 27 Machi

Mume wangu,

Sina salamu ndefu. Naomba uwe mzima wakati unasoma.

Kifaa hakijalewa. Futi mbovu inakosea huku na huku, leo inazidisha, kesho inapunguza, na inakosea kila mahali. Hiki chako uani hakikosei. Kinakosea kwenye jiwe tu, kwa upande mmoja tu, na kila wiki kinakosea mara mbili ya wiki iliyopita. Mume wangu, nilikwambia nini kuhusu shati? Aliyepimwa ndiye aliyesogea.

Jiwe limezama ardhini, umeandika mwenyewe. Haliwezi kutembea peke yake. Linakwenda na ardhi yake. Ile ngazi inavutika kama kitambaa kinachokaribia kuchanika, nawe unakaa juu yake dakika tatu kila siku kwa ajili yangu, na shemeji yangu Tani yuko chini yake!

Nimempelekea Mama Pindo vipimo bila kumwambia ni vya nini. Akavisoma akasema, "Huyu mteja anavimba. Mpeleke hospitali."

Nimepiga simu ofisini kwenu, ile namba ya dharura. Karani akauliza mgonjwa ni nani. Nikasema ni jiwe. Akakata. Nikapiga tena, akasema mfanyakazi yuko zamu na wake za watu waache utani.

Kwa hiyo umebaki wewe. Ukisema tu "naona ardhi inasogea" watakuuliza umejuaje, nao watasema kifaa ni kibovu. Ushahidi wako ni mmoja: kwamba kila siku, saa ileile, gurudumu lilelile liligusa jiwe lilelile. Huwezi kuwaambia hilo bila kukiri kwamba ulisimama na kwamba ulidanganya. Najua ni onyo la tatu. Najua. Waambie ulisimama kwa ajili ya mkeo, aibu nitaivaa mimi, kazi tutatafuta nyingine, tutanong'ona sebuleni kwa mama mpaka tuzeeke.

Nenda sasa. Usisubiri saa nne. Usiende hata kuliaga lile jiwe.

Mkeo anayetetemeka,
Sindano


Tarehe 4 Aprili

Mume wangu,

Uko wapi?

Safari iliyopita Baba Dizeli aliniambia, "Nimempa barua, ameisoma amesimama, akaondoka mbio bila kuniaga." Nikashukuru. Jana amerudi na tangi limejaa, hakushusha hata tone. Geti limefungwa, mlinzi haongei. Nikamuuliza aliona nini. Nimembana mpaka amesema: kabla hajafika, akiwa bado mbali, aliambiwa na watu wa barabarani kwamba juzi alasiri waliona vumbi likipanda kutoka shimoni, pana kuliko la baruti, na likakaa angani muda mrefu.

Simu ya ofisi inaita tu.

Kwenye chumba cha kushonea hakuna anayenitania tena, na hilo ndilo linaloniogopesha. Mama Pindo amenipa mapindo ya mapazia, kazi ya mwanafunzi, kwa sababu leo nimekata kitambaa cha mteja kinyume. Hajanigombeza. Ameketi karibu yangu akiniwekea nyuzi kwenye sindano, moja baada ya nyingine, ingawa nina nyuzi za kutosha.

Saa nne mashine zote zilinyamaza. Wote, mume wangu. Hakuna aliyewaambia.

Kama walikufukuza ukawa njiani, njoo tu. Kama una hasira nami kwa kukupotezea kazi, njoo na hasira yako. Baba Dizeli atajaribu geti tena kesho. Nimemwambia asirudi na karatasi hii mkononi.

Mkeo,
Sindano


Tarehe 7 Aprili

Mke wangu, mke wangu, mke wangu,

Leo zamu yangu ya kuliandika neno. Ni mzima. Tani ni mzima. Wote ni wazima. Simu zilizimwa na geti likafungwa mpaka wakaguzi wamalize, na leo ndiyo kwanza Baba Dizeli ameruhusiwa kuingia. Nisamehe kwa siku hizo zote.

Barua yako ilinikuta tarehe thelathini na moja, saa tatu na nusu. Nikapanda hadi chumba cha vioo na matope miguuni. Kwa mara ya kwanza saa nne ilinikuta siko kwenye jiwe. Nikasema mbele ya watu tisa: "Sikagui tairi. Nilidanganya mara mbili. Nasimama kwa ajili ya mke wangu."

Walicheka, Sindano. Mmoja aliinama kabisa. Bwana Dakika hakucheka.

"Kila siku?"

"Kila siku ya zamu."

"Mahali palepale?"

"Gurudumu likigusa jiwe lilelile. Na jiwe limesogea. Mke wangu anasema kifaa ni kizima, ardhi ndiyo mgonjwa."

"Mkeo ni mhandisi?"

"Fundi cherehani."

Wakacheka tena. Lakini dada mmoja anayetunza skrini akasema, "Ngojeni kwanza." Akavuta visimamo vyangu vyote, thelathini na vinne, akavipanga kwenye ramani moja. Kama kifaa kingekuwa kimelewa, nukta zingetapakaa kama mtama uliomwagika. Zilijipanga kama siafu, moja mbele ya nyingine, zote zikielekea ukingoni, na za mwisho zikipiga hatua ndefu kuliko za kwanza. Hapo Bwana Dakika akamwita mpima ardhi.

Tulishuka naye. Akatazama kona, akasema haoni ufa, barabara ni laini kabisa. "Nani anasawazisha hapa?" Nikasema mimi. Ndipo nikaukumbuka mstari wa buluu. Nikachukua koleo nikachimba nyuma ya jiwe, kwenye udongo nilioukandamiza asubuhi ileile. Koleo likazama na mpini wake wote. Nilikuwa nauzika ule ufa kila siku kwa mikono yangu, mke wangu, na kusifiwa. Hilo bado linaniamsha.

Bwana Dakika akaamuru ngazi ya tano itoke. Tani akakataa kwenye redio: "Nina malori manne hapa! Mapenzi yenu yatanikosesha hesabu ya zamu!" Nikaichukua redio. Nikamwambia, "Tani, ulisimama upande wangu siku ya harusi. Toka hapo au nakuja kusimama upande wako." Kisha nikasikia injini yake ikirudi nyuma.

Tarehe mbili, alasiri, kona ilishuka. Haikuanguka kwa kishindo mwanzoni. Iliinama, kama mtu anayeketi, halafu kila kitu kikaenda. Ngazi ya tano haionekani. Pale Tani alipokuwa akichimba kuna mlima. Alikaa chini kwenye vumbi akautazama, na yule mtu anayehesabu kila kijiko cha mawe hakusema tani ngapi. Jiwe lako limekwenda nalo.

Barua ya onyo la tatu nimepewa. Sikufukuzwa, kwa sababu ya watu waliotoka ngazi ya tano wakiwa hai. Imeandikwa kwamba nimeandikisha uongo mara mbili kwenye kumbukumbu za kazi, na kwa hilo likizo yangu ya Aprili imefutwa. Bwana Dakika alinipa mwenyewe. "Sheria ni sheria," akasema. Halafu akanipa karatasi nyingine: kuanzia sasa kila greda litasimama dakika tatu kila siku kwenye alama yake, na chumba cha vioo kitalinganisha. "Saa ngapi?" nikamuuliza. Akavaa miwani, akavua. "Saa nne. Si umeshazoea? Na mwambie mkeo futi yake tumeiazima."

Sitakuja mwezi huu, mke wangu. Nilikuahidi, na sitakuja. Hilo ndilo lililoniuma kuliko onyo.

Mumeo aliye hai,
Taratibu


Tarehe 12 Aprili

Mume wangu aliye hai,

Hujambo? Nakuuliza kwa ajili ya kulisikia jibu tu. Mimi sijambo, sijambo, sijambo! Barua yako niliifungulia barabarani, mbele ya lori, na Baba Dizeli akashuka akaniletea kiti. Mama amelia, amecheka, kisha amesema ile kofia uwe unalala nayo.

Mama Pindo ameibandika barua ya futi ukutani. Si yote! Nimekata kipande cha Bwana Dakika tu, mengine ni yangu. Sasa kila mteja anayebisha kipimo anaonyeshwa: "Soma pale. Hata mgodi ulibisha."

Kuhusu ule ufa, usijitese. Mimi nimeshona mara ngapi juu ya kitambaa kilichooza, nikakipiga pasi kikapendeza? Fundi yeyote amefanya. Sasa ukiona buluu, utaita mtu kabla ya kuita udongo. Nakujua.

Kwa hiyo magreda yote yanasimama saa nne. Mume wangu, hivi kuna mwanamke mwingine duniani anayesimamishiwa mgodi? Nitakuwa na majivuno yasiyovumilika, jiandae.

Likizo yako wameifuta. Yangu hawajaifuta, kwa sababu haiwahusu. Nimeshamwambia Mama Pindo, naye ameniambia niondoke kabla sijakata pazia lingine kinyume. Shati la Tani nimelimaliza, mikono yote miwili ya ndugu wanaoelewana. Lako nimelianza upya, ila sitakata mikono mpaka nikupime tena, na safari hii utasimama wima, hucheki, hunitekenyi.

Usichague jiwe jipya. Nisubiri nilichague mwenyewe, mbali na ukingo, na nitalipima asubuhi na jioni kabla sijakuruhusu uliguse. Kabla mwezi huu haujaisha nitashuka kwenye basi getini kwenu, futi ikiwa shingoni. Uwe umesimama palepale mlinzi atakaponiambia uko, na usisogee.

Mkeo anayekuja,
Sindano